Fundi Bomba Anayesafisha Ini Kabla ya Kipimo

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijamsaliti mume wangu, au kabla kimya changu hakijamwangamiza, maana sijui lipi kati ya hayo litatangulia. Mume wangu ni fundi bomba, watu humwita Koki, na vali moja ya moyo wake imechakaa hadi akipanda ngazi husimama katikati kama aliyesahau kitu, na madaktari walikwisha kubali kumwekea vali nyingine, ila kabla ya kupanga tarehe wakapima ini, wakasema haliko sawa, watalipima tena, na hapo ndipo amani ilipotoweka nyumbani, kwa sababu Koki hajawahi kuonja pombe maishani mwake, naye akajiona ameitwa mlevi mbele ya mkewe, akamuuliza daktari iwapo fundi aliyeitwa kubadilisha koki ya bafuni huanza kwa kupekua kabati la jikoni, na mama mkwe aliposikia habari za ini akanitazama mimi, kana kwamba ndimi ninayemnywesha kwa siri.

Sasa wifi yangu amemletea chupa kubwa ya dawa ya mizizi ya kusafisha ini, naye anainywa asubuhi na jioni, akisema kwamba fundi anayejiheshimu hakabidhi mabomba kwa mteja kabla ya kufungulia maji kwa nguvu yatoe uchafu wote, hivyo naye hatakabidhi ini chafu, na ameniapisha nisimwambie daktari. “Mama watoto,” aliniambia, “ini likitoka safi, hawatakuwa na la kusema.” Nami niliapa, lakini siku hizi hana hamu ya chakula, anajikuna mwili mzima, na macho yake nayaona yana umanjano, ingawa huenda ni taa ya jikoni. Je, nivunje kiapo?

Mke wa Koki

Mke wa Koki, dada yangu,

Taa ya jikoni haina kosa lolote, iache. Macho ya manjano hayasubiri gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu siku ileile barua yako iliponifikia. Ninayarudia hapa tuliyozungumza kwa sababu nashuku kuna akina Koki wengine wanaosoma ukurasa huu wakiwa na chupa uvunguni.

Mimi si daktari, na elimu niliyoipata chuoni ilinifunza kuyatilia shaka majibu yangu kuliko kuyatangaza. Hivyo nilimuuliza kwanza daktari wa moyo. Alinieleza kwamba vali isiyofunga vizuri huweza kurudisha damu nyuma, na ini likajaa na kuvimba, hata la mtu asiyejua pombe ina ladha gani. Tena ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu na kushughulikia dawa nyingi mwilini. Kwa kulipima, madaktari wanakadiria hatari ya upasuaji na namna ya kujiandaa nayo. Hakuna aliyemwita mumeo mlevi. Fundi mzima, maji yanarudi nyuma kwa sababu ya koki mbovu, naye anashangaa kwa nini watu wanakagua dari!

Nilidhani ni kiburi. Sasa sina hakika. Pengine ni hofu iliyovaa ovaroli. Nawe, dada, uliona macho yake yana umanjano ukailaumu taa. Nakuonea huruma, lakini kwa hilo nakugombeza.

Unakumbuka alivyokunyang'anya simu akaniuliza, kwa adabu zote, kama mimi nami ni daktari. Nilikiri kwamba sivyo, nikamuuliza huwaambia nini wateja wanaomwaga dawa za kuzibua sinki kabla ya kumwita.

“Hao ndio wabaya, mama,” alisema. “Dawa inakula bomba, halafu mtu ananyamaza, mimi naingiza mkono.”

“Na daktari ataingiza mkono wapi, Fundi?”

Hapo alikurudishia simu.

Ushauri wangu ni ule ule. Kiapo kivunje mbele yake, si nyuma ya mgongo wake. Asinywe hata tone jingine. Usisubiri siku ya kipimo. Mpeleke hospitali mara moja, na chupa usiimwage, iende naye, wajue kilichomo na alikuwa akinywa kiasi gani. Dawa alizoandikiwa na madaktari asiziache bila kuwauliza. Wifi mshukuru kwa upendo wake, umwombe safari nyingine alete matunda. Mama mkwe akikutazama tena, mpe ukurasa huu asome mwenyewe.

Kama ini litatulia na upasuaji utafanyika karibuni, sijui, na sitajifanya najua. Ninachojua ni ujumbe ulionitumia asubuhi iliyofuata: kwamba mmefika hospitali, kwamba Koki amekataa umbebee chupa, na kwamba alipofika mbele ya muuguzi aliiweka mezani mwenyewe, akasema, “Kabla hamjafungua, hiki ndicho nilichomwaga.”