Kitendawili Kisicho na Jibu Daftarini

Kibingo, Jumatatu ya Pasaka, 1951

Mvua imeanza alfajiri na bado haijachoka. Migomba ya upande wa bondeni imelala. Leo ni sikukuu, lakini sina pa kwenda na sitaki mgeni. Nina hasira, na afadhali niimwage hapa karatasini kuliko kumwagia Damari, mtoto ambaye hajanikosea kitu.

Ni hasira ya kitendawili.

Mume wangu ni mwinjilisti wa mtaa huu, watu wote humwita Mwalimu. Miaka mitatu iliyopita alilala kwetu mchuuzi wa ngozi aliyevuka mto pale Murongo akitokea Uganda, mmoja wa wale wanaoshika Sabato ya Musa. Alituambia kwao Torati husomwa kwa mafungu, fungu moja kila juma, na wakishasoma hutegana vitendawili juu ya fungu hilo. Mwalimu akapenda. Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada watu hukaa kwenye nyasi nje ya kanisa, kikapu cha kahawa ya kutafuna kinapita mkono kwa mkono, na yeye anatega. Wengine hutoka hadi Mabira kuja kumsikia.

Vitendawili hivyo natunga mimi, na kumwandikia daftarini pamoja na majibu.

Mtoto wangu kalelewa na adui, na mshahara wa kumnyonyesha nimepokea mimi. Hicho cha mama yake Musa nilikitunga nikimenya ndizi. Watu walicheka, wakampa Mwalimu mji wa Kampala mzima kwa kushindwa kukitegua. Nami nilikaa upande wa wanawake nikipiga makofi na wenzangu. Kusema kweli nilikuwa naona fahari. Niliona mke na mume ni chungu kimoja, akisifiwa yeye nimesifiwa mimi.

Mwaka jana, juma la Pasaka, Elia wetu alishikwa na surua. Alikuwa mzaliwa wa kwanza, ana miaka minne. Jumatano alianza kupumua kwa shida. Nilimwomba Mwalimu atafute wanaume wanne wa kubeba machela hadi zahanati, mwendo wa siku nzima. Wanaume walikuwepo, lakini walikuwa juu ya paa la kanisa wakiezeka nyasi mpya kwa ajili ya sikukuu. Akaniambia, "Ngoja Pasaka ipite. Jumatatu nitakupa wabebaji."

Elia hakuifikia Jumatatu. Tulimzika Jumamosi, na kesho yake Mwalimu alisimama chini ya paa jipya akafundisha jinsi Waisraeli walivyokula wamesimama, viatu miguuni na fimbo mkononi, wakatoka mbio na unga ambao haujaumuka. Huku kwetu mkate tunausikia tu, kwa hiyo chachu aliwaeleza kwa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Alisema Mungu anapookoa hataki mtu angoje pombe iive. Watu wakaitikia. Nilisikiliza neno kwa neno.

Wakaanza kuniita Mama Damari. Jina la Mama Elia lilifutwa kwa wema, ili nisiumie.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya niligeuza daftari, nikaandika ukurasa wa nyuma: Watumwa hawakungoja unga uumuke, mtu huru akangoja Jumatatu. Sikuandika jibu. Hakikuwa cha kutegwa. Kilikuwa changu.

Jana Mwalimu aliondoka na daftari kama kawaida yake, bila kuuliza. Nilikuwa nimemwandikia vitendawili vinne tu, mafua yalinishika. Watu walikuwa wengi, hawakutaka kuondoka, wakadai cha tano. Nikamwona anapekua, anageuza daftari, anasoma. Akatabasamu. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Kitendawili!"

"Tega!"

Akakitega kwa sauti yake nzuri ile ile.

Mmoja akasema Farao. Mwingine akasema mke wa Lutu, wakamcheka kwa kuruka mafungu. Mzee wa kanisa akafikiri sana, akasema Yona. Mwishowe wakakubali kushindwa, wakampa Bukoba. Mwalimu akapokea mji wake, akatazama daftari atoe jibu, na jibu halikuwepo. Akapindua karatasi. Akanitafuta kwa macho kati ya wanawake. Nikainama nikamfunga Damari kilemba ambacho hakikuwa kimefunguka.

Nilikuwa na jibu mdomoni. Sijui hadi sasa kama kunyamaza kwangu kulikuwa kumhurumia au kumwadhibu.

Aliwaambia jibu watalipata Jumapili ijayo. Walishangilia, wakidhani ni mbinu mpya.

Leo asubuhi, nikipalia moto, alikuja akakaa karibu yangu. Si kawaida yake kukaa jikoni. Akauliza kwa upole, "Mama Damari, kile cha jana jibu lake nini?"

Hakuwa anaficha kitu. Hilo ndilo lililonikata maini. Alikisoma mbele ya umati, alikifikiria usiku kucha, na hakujiona ndani yake.

Nikamwambia, "Umeshindwa, Baba Elia?"

Jina hilo halijatamkwa nyumba hii mwaka mzima. Alishtuka, lakini akasema ameshindwa.

"Basi nipe mji."

Akacheka kidogo, akanipa Bukoba aliyopewa jana. Nikaikataa. Akanipa Kampala. Nikaikataa pia.

"Miji mikubwa siitaki. Nipe pale penye zahanati."

Alibaki na mkono hewani, kama aliyetaka kuchukua kitu akasahau ni nini. Kisha akainuka, akachukua jembe, akaenda shambani kwenye mvua hii, siku ya sikukuu. Hadi naandika hajarudi.

Jumapili ni fungu la bahari kugawanyika. Vitendawili vyake atatunga mwenyewe. Nami nitakaa pale pale upande wa wanawake, nisikie atakavyowapa watu jibu.