Ukoko wa Mmarekani

Mama yangu, nakubusu mikono. Joto la Maskati linatoka hata ukutani. Jana nilimkaribisha chakula Mmarekani tunayefanya naye kazi ya mafuta. Tukamrundikia nyama, yeye akaomba ukoko wa wali. Nami nilidhani Wamarekani wote matajiri. Akasema baba yake aliachishwa kazi mgodini, wakawa wanaishi kwa mkate wa mahindi, na mama yake kila siku akila ule ulioungua chini, akisema ndio aupendao. Mama huyo amekufa, na mwanawe hakuwahi kumuuliza kama ni kweli.

Nikakuona wewe, umepakata sufuria unakwangua, sisi tumeshiba.

Nna hamu nawe, mama. Mungu akuhifadhi mpaka nije. Na ule ukoko, ulikuwa ukiupenda kweli?

Mwanao, Seif