Siku Niliyojiita Ofisa Uhusiano

Neema,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ni ya haraka kama unafukuzwa. Ng'ombe amezaa, babu yako anakohoa lakini bado ni mbishi.

Unaniuliza eti ukubali kujitolea mkutanoni huko Dodoma bila malipo? Mbona mimi nilijitolea! Miaka ile makampuni mapya yalikuwa yanafunguliwa Arusha kila kukicha. Kanisani wakatafuta wanawake wa kupokea wageni kwenye mkutano wa maofisa uhusiano. Mimi na darasa langu la nne nikadhani ni wapatanishi wa ndugu. Nikakimbilia! Dada yangu, huyo bibi yako wa Lemara, alikuwa haongei nami tangu msiba wa mama yetu.

Mlangoni nikamshika mgeni mmoja mkono. "Mama, mtu na dada yake mnawapatanishaje?"

Akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Mdogo wangu, sisi tunapatanisha makampuni na wateja."

"Kwani wateja si watu?"

Akaacha kucheka. "Tunaanza kwa kuwauliza wamekasirikia nini. Wewe umemuuliza?"

Wala!

Jioni nikaenda Lemara mbio, beji ya mkutano bado kifuani. Dada akafungua mlango, akaitazama. "Umekuwa nani?"

"Ofisa uhusiano. Nimekuja kuuliza umekasirikia nini."

Kicheko kikamponyoka. Kisha akavuta kigoda, akanieleza yote, na mimi, kwa mdomo wangu huu unaoujua, nikanyamaza.

Nenda, acha kuringa! Bibi yako wa Lemara yupo hapa jikoni, anasema nimezidisha chumvi. Mwongo huyo.

Bibi yako wa Kisongo