Mwangwi Niliouita Shimo Jeusi

Jumapili, Visiga. Mvua imeanza alfajiri na haijakatika. Nguo nilizofua jana zimeloa upya kambani na sina hamu hata ya kwenda kuzianua.

Nimekosea. Acha niandike hivyo kwanza, kabla sijaanza kujitetea.

Miaka mitatu nimekuwa nikitengeneza shimo jeusi ndani ya kompyuta. Si lile la angani. Ni gesi ya atomi iliyopozwa mpaka inakaribia baridi ya mwisho kabisa, kisha ikasukumwa itiririke. Pale gesi inapokwenda kasi kuliko sauti, sauti haiwezi tena kurudi nyuma. Inazolewa na mkondo, kama mwanga unavyonaswa na shimo jeusi. Wenzetu wenye maabara wanatumia atomi za kweli. Mimi nina laptopu na hesabu. Nilikuwa natafuta mawimbi madogo mno ya sauti yanayozaliwa mawili mawili mpakani, pale gesi inapoanza kuipita sauti, moja linatoroka, jingine linamezwa. Kwenye picha inayochorwa na kompyuta yanatakiwa kuonekana kama mstari mwembamba.

Mwezi uliopita niliuona.

Nikampigia baba Kisarawe huku nalia. Baba analima mihogo na korosho. Hakuelewa neno, ila furaha yangu ilimtosha. Msimamizi wangu akasema tuandike makala, tukaituma.

Ni Zuhura peke yake, mdogo wangu kimasomo, aliyeuliza. "Da Mwanahawa, una hakika si mawimbi yanayogonga ukingo wa hesabu yako na kurudi?"

"Maliza kwanza ya kwako," nikamjibu, mbele ya wanafunzi wenzetu wote. Wakacheka. Tangu siku hiyo ameihama meza tuliyokuwa tukikaa pamoja chuoni, anakaa ya mbali.

Alhamisi nilikuwa narudia picha moja ili ipendeze. Nikausogeza ukingo, pale eneo la hesabu linapoishia, mbali zaidi. Mstari ukahama. Nikausogeza tena, ukafifia, ukapotea kabisa. Ungekuwa umetoka kwenye shimo, ungebaki palepale. Ulikuwa mwangwi tu.

Siku mbili sikumwambia mtu. Nikiri pia kwamba nilifikiria kuurudisha ukingo pale ulipokuwa na kunyamaza. Nani angejua?

Jana nilikwenda Kisarawe. Nilimkuta baba barazani na jirani yetu, Mzee Shomari. Nikawaamkia, na kabla sijakaa baba akaanza: "Si huyu sasa! Kapata kitu hata Wazungu bado wanakihangaikia."

"Mungu akuzidishie, mwanangu," Mzee Shomari akasema.

Nilishindwa kuitikia amina. "Baba, sikukipata. Nilikosea hesabu."

Baba akanigeukia. "Wa chuoni wanajua?"

"Bado."

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Kawaambie wao."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliinuka akaenda kutawadha, na hakuligusa tena jambo hilo mpaka naondoka.

Leo asubuhi nimemwandikia msimamizi. Nimemweleza kila kitu, nikaomba makala iondolewe. Jibu lake limekuja mchana: "Njoo kesho saa mbili." Basi. Nimelisoma mara nyingi nikitafuta huruma au hasira ndani yake, sikuona hata moja.

Halafu nikampigia Zuhura.

"Ulikuwa sahihi," nikamwambia. "Na nilikudhalilisha. Nisamehe."

Akajibu: "Dada, jioni ya siku ile ile nilikufuata ofisini tukiwa wawili tu. Nilitaka nikuonyeshe namna ya kupima. Ukaniambia uko bize, ukafunga mlango."

Sikumbuki.

Nimejaribu kukumbuka tangu mchana. Namkumbuka akiuliza, nakumbuka kicheko, lakini mlango siukumbuki. Ni kitu kidogo kiasi hicho kwangu. Yeye kakibeba mwezi mzima.

"Nimekusamehe," akamalizia. "Ila nimezoea meza yangu ya sasa."

Kwa hiyo kesho nitaingia kwa msimamizi sina mstari, sina makala, na huenda mwaka huu simalizi tasnifu. Baba atakuwa na kazi ya kuwaeleza wenzake msikitini. Nitamwambia msimamizi nani aliyeliona kosa langu kwanza, na kwamba nilimnyamazisha. Hilo lazima nilitaje mimi, kwa sauti yangu, hata asiponiuliza.

Halafu nikishatoka humo ndani, nitakwenda kukaa meza ipi?