Nukta Tatu Nilizoziona Mapema

Kamembe, Jumanne

Nimeharibu. Kanuni yetu ni moja: sehemu ya grafu ambako mvunjiko adimu wa chembe ungeonekana hufunikwa, mpaka kundi zima likubaliane jinsi ya kuchuja data. Asiyeona hawezi kupendelea. Leo umeme ulikatika, nikaanzisha programu upya, nikasahau kufunika.

Nukta tatu, kila moja ikiwa dalili ya mvunjiko mmoja. Nadharia inasema tusitarajie hata moja.

Moyo ulinidunda kwa furaha, kisha nikaona aibu. Kesho ni zamu yangu kupendekeza mchujo, na tayari najua ni upi utakaozibakiza zile tatu.

Maman aliporudi kutoka sokoni na beseni lake la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nilimweleza. Nikamuuliza kama ninyamaze tu, maana hakuna aliyeniona. Akacheka.

“Muntu mwenye anapenda sambaza, usimuache ajipimie.”

Nimeudhika, kwa sababu ni kweli. Nimewaandikia wenzangu kwamba nimeona, kwa hiyo mchujo auchague mwingine. Miaka minne ya kazi yangu, halafu mwingine…

Nimetuma. Nafumba macho, na bado naziona zote tatu.