Usiniambie Tena Yuko Kilimarondo

Johannesburg, Alhamisi

Mwanangu Selemani,

Salamu ni hizi, chukua. Mimi mwili mzima, moyo ndio sijui. Hali ya huko siulizi, maana nikiuliza unanidanganya, na nikikubana kwenye simu unasema mtandao unakata. Barua haikatiki. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, huu huu uliojifunza kuandika ukubwani, kwenye ngumbaru, usije kusema dada yako ndiye katunga.

Wiki ya tatu hii namtafuta mdogo wangu Somoe, simu haipatikani. Nakuuliza wewe, unanijibu, "Mama mdogo yuko Kilimarondo analinda ufuta, kule hakuna mtandao." Selemani! Somoe mwenye magoti yale, anayekwenda chooni kwa kushika ukuta, ndiye akafukuze tembo? Kilimarondo hiyo hiyo ulinipa mwaka ule wa korona. Unadhani nimesahau?

Ngoja nikukumbushe. Nilikuwa nimekuja hapa kwa dada yako Zuhura kumlelea mtoto, serikali ya huku ikafungia watu ndani. Asubuhi ya kwanza naamka, namkuta mkwe wangu Rashidi kakaa chini sebuleni, hajavaa nguo za kazi. Zuhura naye hajaenda kiwandani kwake kushona. Katikati yao chupa kubwa ya chai, nanusa, kahawa! Wewe unajua kwetu Nambambo kahawa inachemshwa lini. Watu wazima wamekaa chini, hakuna anayekwenda kazini, kahawa inamiminwa, hapo kuna maiti. Nikaangua kilio. "Nani? Niambieni nani!"

Rashidi akacheka mpaka akamwagikiwa. "Mama, hajafa mtu. Kazi zimefungwa tu."

Nikaona haya, nikakaa nao. Huku pombe walipiga marufuku, sigara marufuku, na mkwe wangu vyote viwili alikuwa anavitumia. Basi akahamia kwenye kopo la kahawa. Zamani alikuwa na kikombe kimoja cha kuamkia, sasa akawa anakunywa hadi adhuhuri na hadi magharibi, mikono inatetemeka kama ya mwizi. Zuhura alikuwa mtu wa chai ya mapumziko kazini, naye akaingia. Jirani yetu mmoja wa Malawi, mlinzi, ndiye peke yake aliyeacha. Alisema alikuwa anakunywa ili asisinzie lindoni, na sasa lindo limefungwa, akeshe kwa ajili ya nani? Akanenepa yule.

Na mimi nikanywa. Kwanza kuwatuliza, halafu kwa kuwa hakuna la kufanya, halafu kwa kuwa nimeitaka. Vikombe vitatu, vinne kwa siku, na sukari nyingi. Tukawa tunataniana, Rashidi ananiambia, "Mama, msiba wetu huu hauna marehemu, tunywe tu."

Marehemu alikuwepo. Alikuwa kaka yangu Bakari, mjomba wako wewe, aliyekushika mkono siku ya jando. Mlimzika, mkasoma hitima, mkala wali, na mimi nikipiga simu unaniambia, "Mjomba yuko Kilimarondo, anafukuza wanyama shambani." Na dada yako anajua, ananimiminia kahawa huku ananiangalia usoni. Mlijisemea mipaka imefungwa, mama ana presha, atakufa. Nani aliwapa kazi ya kunipimia kilio changu?

Ni Somoe aliyeniambia, miezi imeshapita. "Dada, kaka tulimzika. Kwani hawakukwambia?" Nilihesabu siku zile, Selemani. Ndugu yangu wa tumbo moja yuko udongoni, mimi nakunywa kahawa ya sukari na kucheka na mkwe.

Kopo nililitupa jalalani, nikaapa sitaigusa. Siku ya pili kichwa kikanigonga, macho hayafunguki, natapika. Rashidi akasema mwili umeizoea. Nikainywa, nikalia huku nainywa. Watu walishatoka majumbani zamani, mkwe wangu karudi kwenye bia yake, mimi hadi leo nikikosa kikombe cha asubuhi siwezi hata kusimama kuswali. Mama yako anakunywa kinywaji cha matanga kila siku ya Mungu. Hiyo ndiyo zawadi yako.

Sasa Somoe. Aliyesema kweli ndiye leo mnayemficha. Kama anaumwa, nilitaka uniambie nizungumze naye akiwa bado anasikia. Kama mmeshamzika, nilitaka nijue nikae matanga ya ndugu yangu, nisicheke na watu.

Nisalimie mke wako, mwambie yeye namwonea huruma. Nisalimie wajukuu zangu, usiwafundishe tabia hii. Nisalimie shangazi yako Hadija, na jirani yetu fundi baiskeli.

Anayekukabidhi karatasi hii ni mama mmoja wa Ruangwa, tunaswali naye huku. Nimemwagiza apite Nandagala kwanza, nyumbani kwa Somoe, ndipo aje kwako. Kwa hiyo amesimama hapo mbele yako na anajua alichokikuta. Usimpe maji, usimkaribishe kiti. Mpe simu yako anipigie, na wewe usiondoke, nisikie unavyopumua.

Mimi niliyekuzaa,
Asha binti Issa