Maziwa ya Usiku wa Shiva

Jumapili, 23 Februari

Nimefagia duka, nimepanga misumari na mabomba, nimemgeuza Baba Hetal kitandani. Mguu wake bado umo kwenye plasta. Anataka chai kila saa.

Kila mwaka Shivratri, usiku wa kumkesha Shiva, tunaiendea Mombasa, hekaluni. Kule kuna pandit wa kuongoza sala, kuna kengele, wanawake wanajua nyimbo zote. Mimi nasimama nyuma, nafuata. Mwaka huu hakuna safari. Jumatano itatukuta hapahapa Garsen, na wa kuongoza ni mimi. Mimi niliyeishia darasa la tano Lamu! Naogopa. Lakini moyo unarukaruka kama wa bibi harusi.

Kuahirisha siwezi. Mvua zilizopita Hetal alishikwa na malaria hadi akawa hanijui. Nikakesha naye. Nikaweka nadhiri: mwanangu akipona, Shivratri ijayo nitammiminia Shiva maziwa mabichi usiku kucha, zamu zote nne.

Akapona. Sasa ana mdomo kuliko kasuku.

Jumatatu, 24 Februari

Maziwa! Ya pakiti yako tele, lakini yale yamechemshwa. Nilisema mabichi. Na kwa jua hili ng'ombe wamehamishwa, wako mbali wanafuata majani.

Nimemwendea Dahabo, jirani yetu Muorma, anayeniuzia maziwa ya chai. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama Hetal, huyo Mungu wenu anakunywa kuliko ndama! Na Ramadhani hii hapa mlangoni, kila mtu ananililia mimi."

Nikamweleza nadhiri. Akaacha kucheka. Naye ni mama. Kesho kutwa kaka yake atayaleta kwa pikipiki kutoka malishoni, upande wa Idsowe.

Nimerudi nyumbani naimba. Baba Hetal kaniuliza kama nimelewa.

Jumanne, 25 Februari

Hetal anataka kufunga na kukesha. Nimekataa. Juzi tu alikuwa mifupa! Amelia, amenuna, ameosha masufuria kwa kishindo mtaa mzima ukasikia. Baba yake akasema, "Mwache. Nadhiri hii ni ya uhai wake." Basi. Matunda na maji, na akilegea tu namlaza.

Jioni kaniuliza kwa nini tunakesha. Nikampa kama alivyonipa bibi yangu. Zamani bahari ilitoa sumu ya kuangamiza dunia. Shiva akaimeza, akaizuia kooni, koo likageuka buluu. Mtu aliyemeza sumu haachwi alale. Wenzake wakakaa naye, wakamwimbia mpaka kukapambazuka.

"Kama wewe na mimi nilipougua," akasema.

Nilimsuka nywele upya. Hazikuhitaji.

Jumatano, 26 Februari

Naandika mbio. Tumeoga, sakafu imepigwa deki, jiwe jeusi la Shiva aliloniachia mama mkwe liko kwenye sinia la shaba. Majani ya mbilva, ya kumtolea Shiva, yamekuja na basi, yamenyauka kidogo. Maziwa bado. Nimetoka barabarani, nimerudi, nimetoka tena.

Yamefika! Kibuyu kizima! Nimefungua.

Moshi. Yananuka moshi.

Dahabo katoa kibuyu chake kizuri kuliko vyote, akakifukiza kwa makaa kabla ya kutia maziwa, kama wafanyavyo kwao kumpa mtu heshima. Ya chai huniletea na kijerikeni, moshi sikuufikiria. Sikumwambia asifukize. Ni mabichi, ndiyo, lakini yananuka jiko. Jua linazama. Mengine hakuna. Na yakikataliwa je? Homa ikirudi?

Hetal amenusa. Amecheka, mtoto huyu! "Mama, Shiva si anajipaka majivu mwili mzima? Si anakaa panapochomwa maiti? Huu moshi ataushangaa nini?"

Ana miaka kumi na miwili tu!

Tunaanza.

Alhamisi, 27 Februari

Kumekucha. Macho yana mchanga.

Zamu ya kwanza nilimwaga hadi nje ya sinia. Nyimbo za pandit sizijui. Tulisema Om Namah Shivaya, yaani namwinamia Shiva, basi, tena na tena. Baba Hetal akaitikia kutoka kitandani kwa sauti yake mbovu. Nilicheka katikati ya sala. Nadhani nimesamehewa.

Zamu ya tatu Hetal alilegea. Nikafungua mdomo nimwambie akalale. Akainuka mwenyewe, akanawa uso, akashika kibuyu. Maziwa yakashuka juu ya jiwe, membamba kama uzi. Furaha ilinijaa hata nikaogopa nitapiga kelele.

Adhana ya alfajiri ikaingia. Kibuyu kitupu. Nyumba yote inanukia moshi, hata mapazia.

Sasa Hetal amelala mkekani, mdomo wazi, ganda la ndizi mkononi. Tangu ile malaria kila asubuhi hushika paji la uso wake, nione kama homa imerudi, kabla sijafanya lolote. Leo mkono ulishaanza kwenda wenyewe. Ulipofika karibu, nikausimamisha.

Nimemfunika shuka. Nimekwenda kufungua duka.